Mwaka wa Kijerumani Milanzi

Nilifika Milanzi msiba ukiwa umeshapoa. Mama Ezekia alikuwa amezikwa wiki kadhaa nyuma, turubai limeanuliwa, masufuria ya kuazima yamerudishwa kwa wenyewe, na uani walikuwa wamebaki kuku na wanawake watatu wakichambua maharage. Mimi nilitoka Kasanga, ziwani, ambako habari ilinikuta nikipanga samaki aina ya migebuka kwenye matenga, na kwa sababu sijawahi kuwa na namba ya simu inayodumu, ilinikuta imechelewa. Nilisukuma geti la bati, nikaweka begi chini, nikafungua mdomo kupiga hodi. Sikuimaliza. Mmoja wa wale wanawake, Mama Mkubwa, dada yake marehemu aliyetoka Tukuyu, alinitazama, akasukuma ungo pembeni, akajishika kichwa kwa mikono miwili na kuanza kulia kwa sauti. Wengine wakafuata. Wakanijia, wakanishika shingoni, wakaniambia kwa kilio mambo ambayo yalikuwa kweli: "Gaude umekuja, aliyekuwa anakupikia hayupo. Gaude, sasa utamsumbua nani na maswali yako." Nikalia nao, nimesimama palepale getini, mpaka kilio chenyewe kikachoka. Ndipo nikapewa kiti, maji ya kunawa, na salamu.

Sidhani kuna mtu aliyewahi kunifundisha jambo hili, na nimelikuta kote nilikozurura, kwa Wafipa, kwa Wanyakyusa, hata kwa wavuvi. Mtu wa nyumba akifika kwa mara ya kwanza baada ya msiba, hata kama miezi imepita, hasalimiwi kwanza. Analiliwa. Mgeni wa kawaida anapewa pole na kiti, na baada ya chai anaondoka. Ukiona unapokelewa kwa kilio, ujue umehesabiwa. Nilikuwa bado nafuta uso wakati Ezekia, mtoto wa marehemu, ambaye sasa ni baba wa watu na ana kitambi, alipotoka ndani akanivuta pembeni. "Bro Gaude, nashukuru umefika. Kesho anakuja Katrin." Akatazama wale wanawake. "Nimeshawaambia wote, na wewe nakuambia. Safari hii hakuna kulia." Nikamwambia sawa. Ukimwondoa yeye, tulikuwa wawili tu pale uani tuliokumbuka vizuri kwa nini, mimi na Mama Mkubwa, na Mama Mkubwa alikuwa amesharudi kwenye maharage yake.

Walinipa chumba kilekile cha uani nilichopanga mwaka ule. Kimepakwa rangi ya kijani ya mafuta sasa, na kitanda ni cha chuma, lakini upepo bado unaingia pale pale, chini ya mlango, ule upepo wa Sumbawanga wa mwezi wa saba unaomfanya mtu alale na soksi. Zamani ukuta ulikuwa wa udongo uliosilibwa, na juu ya ukuta huo niliandika kwa mkaa maneno ya Kijerumani, kutoka juu ya kitanda mpaka dirishani. Nilikuwa kijana niliyeacha shule kidato cha pili kwa sababu ambazo hata mimi sikuzielewa, nimeshakuwa utingo wa lori, nimeshasaga mahindi ya watu Kasense, nimeshakaa Mpanda nikichimba mashimo yasiyotoa kitu. Niliingia kwa Mama Ezekia nikidhani nitakaa mpaka lori litengenezwe. Nilikaa mwaka mzima. Alikuwa nesi, mwanamke mnene wa kutoka Tukuyu, mjane, aliyeletwa Ufipa na kazi ya serikali na ambaye hakuisamehe Ufipa kwa kukosa ndizi. Kila alipotumiwa mkungu kwa basi aliumenya mwenyewe, akapika ndizi na maharage, akanipa sahani na kusema, "Kula, Mfipa, uone chakula cha binadamu." Nami nikamjibu kwamba ugali wa ulezi ndio ulionikuza, akanitazama toka juu hadi chini, akasema, "Ndiyo, nimeona matokeo."

Siku moja mchana, akiwa ametoka zamu, simu yake iliita tukiwa jikoni. Aliipokea kwa mkono wenye unga. Alisikiliza muda mrefu, na kila baada ya muda alisema neno moja, "Ja." Halafu tena, "Ja." Mpaka simu ikakatika. Akakaa juu ya kibao cha mbuzi, kile cha kukunia nazi, ambacho Sumbawanga hakina kazi na alikifanya kigoda tu, akabaki ameishikilia ile simu kama kitu cha moto ambacho hana pa kukiweka. Mtu mwingine angemwacha. Mimi nilimwuliza ile ilikuwa lugha gani. Akaniambia Kijerumani, na kwamba *ja* ni ndiyo. Nikamwuliza amekijulia wapi, na nikaendelea kuuliza kama kawaida yangu, na nadhani siku ile alihitaji mtu asiye na adabu ya kunyamaza, kwa sababu aliniambia yote. Kwamba alipokuwa msichana alipelekwa Ujerumani ya Mashariki kusomea uuguzi. Kwamba alizaa kule mtoto wa kike, na kijana wa kule. Kwamba masomo yalipoisha, kibali chake nacho kikaisha, na karatasi za mtoto zilikuwa za kule, na bibi wa mtoto upande wa baba akasema aende atulie nyumbani kwanza, mtoto atakaa mwaka mmoja tu. Barua zilikuja, zikapungua, halafu nchi yenyewe ile ikaondoka, watu wakahama, barua zake zikawa zinarudi. Alikuja kuolewa, akamzaa Ezekia, na mumewe alikufa bila kujua. "Huyo aliyepiga ndiye," akasema. "Amenitafuta. Anataka kuja. Ameongea na mimi, Gaude, na sikuelewa. Nilisikia sauti tu."

Nilimwambia kwamba wanaweza kuongea Kiingereza. Yeye alikuwa nacho cha kazini, na huko Ulaya wote wanacho. Alikataa palepale. "Nilimwacha kwa Kijerumani. Nitampokea kwa Kijerumani." Tatizo ni kwamba Kijerumani kilichokuwa kimebaki kichwani mwake kilikuwa cha wodini. Alijua sindano, homa, kitanda, mkojo, lala ubavu. Alijua kumwuliza mgonjwa kama amekwenda choo. Lakini maneno madogo ya watu wa nyumbani, wangu, wako, wake, wetu, yalikuwa yamevurugika kama nyuzi kwenye kikapu, na kila alipovuta moja lilitoka na jingine. Akanitazama. "Wewe kichwa chako hakina kazi. Utajifunza na mimi. Nikisahau mimi, utakumbuka wewe." Sikuuliza mara mbili. Katika maisha yangu yote watu wamenipa kazi za mgongo; huyu ndiye aliyenipa kazi ya kichwa.

Kitabu hatukuwa nacho, ila upande wa Kaengesa kulikuwa na padre mstaafu, Mfipa, aliyesoma huko Ulaya ujanani. Nilidandia lori lililokwenda kuchukua mahindi, nikamkuta kwenye bustani ya kabichi amevaa sweta mbili. Nilimwamkia shikamoo, nikamwambia nimekuja kujifunza kusema "wangu" kwa Kijerumani. Alicheka mpaka akaegemea jembe. Halafu akanikalisha chumbani kwake, chumba kilichonuka kahawa na dawa ya kuchua, na akanifundisha asubuhi nzima, na nyingine nyingi baadaye. "Ukisema kikombe changu, nyumba yangu, mtoto wangu, nani alikufundisha kubadilisha mwanzo wa neno?" aliniuliza. Nikamwambia hakuna, linakuja lenyewe. "Basi, Kiswahili kinaangalia kitu. Kitu ni cha ngeli gani, neno linafuata. Hakijali mwenye kitu ni nani. Ukisema nyumba yake, sijui ni ya Yohana au ni ya Maria. Mjerumani hakubali hivyo. Anataka kujua kwanza ni ya nani. Ya Yohana, anasema *sein*. Ya Maria, anasema *ihr*. Halafu akishajua mwenyewe, anageuka kuangalia kitu nacho: kama kitu ni cha kiume, cha kike, au si huku wala huku, anabadilisha mkia wa neno. *Mein Löffel*, kijiko changu. *Meine Tasse*, kikombe changu. Kwa hiyo kabla hujafungua mdomo, angalia pande mbili, kama mtu anayevuka barabara." Nilimwuliza kijiko kimekuwaje cha kiume. Akasema hilo nimwulize Mungu, na kwamba mbaya zaidi bado, kwa sababu ukikitafuta kijiko kinabadilika tena, *meinen Löffel*. Nikarudi Milanzi juu ya magunia, nikisema peke yangu upepo ukinipiga: kikombe changu, kijiko changu, nakitafuta, nimekiona.

Tuliweka sheria mezani. Hakuna kugusa kitu kabla hujasema ni cha nani. Ugali ulipoa mara nyingi. Mimi nasema, "*Wo ist mein Löffel?*" kijiko changu kiko wapi, naye anajibu, "*Dein Löffel ist hier*," kijiko chako hiki hapa, anakiinua juu, hakileti, mpaka niseme vizuri kwamba nakitaka. Mwezi wa kwanza tulicheka sana. Jirani yetu, Mama Oliva, aliyekuwa na masikio marefu kuliko ua wake, alichungulia jioni moja. "Jirani, umehamia kwa walokole? Nasikia mnanena kwa lugha kila siku ugali ukiiva."

"Ninajifunza."

"Kwa umri huo?"

"Umri gani? Wewe mbona bado unajifunza kupika maharage."

Mama Oliva akaondoka akicheka, na kesho yake mtaa mzima ulijua kwamba nesi na mpangaji wake wana lugha yao. Kilichofuata ni kwamba ilibidi awaambie kwa nini, maana maneno ya mtaa yalikuwa yanaanza kwenda pabaya. Aliwaambia akiwa amesimama uani, akitundika mashuka, bila kugeuka, kwamba ana mtoto wa kwanza, yuko Ujerumani, anakuja. Halafu Mama Oliva akauliza, "Anaitwa nani?" Akamtajia: Katrin. Kwetu mama anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na nilimwona Mama Oliva akilijaribu jina lile mdomoni bila kutoa sauti.

Kadiri tulivyosogea mbele, ndivyo nilivyoona kwamba kuna mahali anakwama. Vijiko na vikombe alivishinda. Alisema vizuri nyumba yetu, kaka yako, chai yako. Lakini nilipomwambia aseme ile sentensi tuliyoianza siku ya kwanza, wewe ni binti yangu, *du bist meine Tochter*, alifika katikati akaacha, akainuka kwenda kuangalia jiko. Nikadhani amesahau. Siku moja tulikwenda wote kwa padre, na padre katika kufundisha akasema kwamba kwa Kijerumani msichana, *Mädchen*, si wa kiume wala wa kike, amewekwa kundi moja na visu na vitanda. Mama Ezekia akakasirika kweli. "Kwa hiyo mtoto wa kike ni kitu?" Padre akasema, "Akiwa msichana tu, ndiyo. Lakini akishakuwa binti wa mtu, *Tochter*, hapo anaingia upande wa wanawake." Tulipofika nyumbani, kabla hata ya kuvua koti, akaniuliza, "Gaude, hivi mimi nina haki ya kulisema hilo neno? Sikumnyonyesha hata mwaka." Niliwasha jiko. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, ningejua nini.

Katikati ya masika mama mzazi wa Mama Ezekia alifariki Tukuyu. Alikwenda kuzika, akarudi amepungua, akaendelea na masomo kana kwamba ndiyo dawa aliyoandikiwa. Katrin alikuwa anapiga simu sasa kila Jumapili, na mimi nilikaa karibu na kumnong'oneza mikia ya maneno. Jumapili baada ya Jumapili nilisubiri amwambie kwamba bibi yake amekufa, na hakumwambia. Nilipomwuliza akasema, "Neno la kufa ninalijua. Nimeliandika kwenye mafaili ya wagonjwa mara nyingi. Siwezi kumwambia mwanangu kwa neno la faili. Akija nitamkalisha, nitampa chai, nitamwambia taratibu." Padre alijitolea kuwepo siku hiyo atafsiri. Akamkatalia kwa heshima zote. Hakutaka mtoto wake aambiwe na mdomo wa mtu mwingine. Ninapofikiria sasa, kila alichoamua mwaka ule kilikuwa cha haki, na kila kimoja kilitusogeza kwenye siku ile.

Mama Mkubwa alikuja kutoka Tukuyu na maparachichi na mikungu miwili. Alipoambiwa habari ya mtoto aliyefichwa alinuna siku nzima, akapiga deki nyumba ambayo ilikuwa safi. Jioni akasema, akiwa ameshika kikombe, "Mtoto wa mdogo wangu ni mtoto wangu. Mengine mtaniambia baadaye." Na kwa yeye hapo mambo yaliisha. Alikwenda kununua doti ya khanga. Ezekia aliletwa kutoka shule ya bweni Mbeya, akavalishwa suruali mpya. Mimi nilipewa kusimama getini, kwa sababu mama alisema moyo wake hautaweza geti, utaweza mlango. Nilikuwa nimepiga pasi shati, na mdomoni nilikuwa na sentensi tatu nilizokuwa nazisaga tangu asubuhi: karibu, hii ni nyumba yako, huyu ni mama yako.

Gari lilifika saa za alasiri, jeupe kwa vumbi, barabara ya Tunduma wakati ule ilikuwa bado haijawekwa lami. Akashuka mwanamke mrefu, wa rangi ya chai ya maziwa, nywele amezifunga nyuma, na paji la uso lile lile la Mama Ezekia, kana kwamba amelivua huyu akalivaa yule. Nilifungua mdomo. Kabla sijatoa hata neno la kwanza, nyuma yangu Mama Mkubwa alikuwa amemwona. Akajishika kichwa. "Mama, mjukuu wako amekuja. Mama, umeondoka bila kumwona. Atamwita nani bibi." Akamrukia Katrin shingoni kwa uzito wake wote. Mama Oliva na wanawake wa mtaa, waliokuwa wamejaa uani, wakaitikia kama inavyotakiwa kuitikiwa, kilio kikapanda mpaka barabarani. Na mama mwenyewe, pale mlangoni, akaona mtoto wake analiliwa na ukoo kama mtoto wa nyumba, hakuna mtu aliyesita, hakuna aliyemletea soda kama mgeni. Kikamzidi. Akajifunika khanga usoni, akakaa chini na kulia pamoja nao. Hakuna aliyepanga. Wangepanga, wasingelia vile.

Katrin alisimama mikono imemkauka. Aligeuka kwangu, mimi peke yangu nisiyelia, akasema maneno mengi kwa haraka. Nilisikia maneno yetu mle ndani, *meine*, *meine Mutter*, mama yangu, yakipita kama sura za watu unaowajua kwenye basi lisilosimama. Alikuwa anauliza. Nikanyosha kidole kwenye lile rundo la wanawake na kusema nilichokuwa nacho. "*Deine Mutter*," nikasema. Mama yako. "*Deine Tante. Dein Haus.*" Mama yako mkubwa, nyumba yako. Sikuwa na neno la kulia. Sikuwa na neno la bibi wala la kufa; lile la kufa mama hakunifundisha kamwe. Nilikuwa na maneno ya kusema kila kitu ni cha nani, na hakuna hata moja la kusema kimetokea nini. Dereva, kijana wa Mbeya mwenye huruma, akavua kofia akaanza kumwambia, "Sori, sista, sori sana." Hapo nilimwona Katrin anaelewa. Alielewa kwamba amechelewa, kwamba mama yake amekufa na huu ndio msiba wake. Uso ule sijauona tena kwa mtu. Alijitoa mikononi mwa Mama Mkubwa, akarudi kwenye gari, akafunga mlango. Dereva akaniuliza, "Nifanyeje, mshikaji? Anasema twende." Nikamwambia ngoja, nikagonga kioo, nikasema tena mama yako, mama yako, na kila nilivyosema alizidi kujifunika uso. Gari likageuka. Mama Ezekia alifika getini vumbi likiwa bado hewani. "Mbona anaondoka?" akaniuliza. "Sijamwambia hata neno moja."

Mji ulikuwa mdogo, gesti alikofikia tuliijua kabla jua halijatua. Tulikwenda wawili, mimi nimebeba chupa ya chai. Mama akagonga. Mlango ulipofunguka, Katrin aliliona paji lake mwenyewe la uso limesimama mbele yake, akajiziba mdomo kwa mikono. "*Ich bin deine Mutter*," mama akasema. Mimi ni mama yako. Na halafu, bila kusita pale alipokuwa anasita mwaka mzima, "*Du bist meine Tochter.*" Walishikana muda mrefu. Nilibaki kwenye korido nikitazama kalenda ukutani. Nilipoingia na chai walikuwa wamekaa kitandani wameshikana mikono, na mama anasema yaliyobaki: huyu ni kaka yako, akionyesha picha, hii ni nyumba yetu, hii ni chai yako. Alimaliza maneno yote tuliyojifunza kabla chai haijapoa. Baada ya hapo walitazamana tu. Katrin alisema jambo, taratibu, akarudia. Mama akanitazama. Nami nikamtazama Katrin. Mama akaishia kumshika paji la uso kwa kiganja, kama anayempima homa, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa lugha yake iliyobaki.

Kesho yake ilibidi padre aitwe. Alikaa sebuleni kati yao akaongea Kijerumani kama maji, akamweleza habari ya bibi, na ya kilio, kwamba mgeni anapewa kiti na mtoto anapewa machozi. Katrin alisikiliza, akalia kidogo, akaongea muda mrefu sana. Padre akatafsiri: "Anasema anaelewa."

"Maneno yote yale, padre, ni hilo tu?" mama akauliza.

"Anasema pia kwamba hajawahi kuliliwa na mtu popote kwa sababu tu amefika."

Wakaendelea wawili wao, padre na Katrin, na mama katikati akigeuza shingo huku na huku. Baadaye jikoni aliniambia, "Umewahi kuona madaktari wawili wanaongea juu ya mgonjwa aliyelala? Leo nimekuwa mgonjwa." Katrin alikaa siku chache. Alishukuru kwa kila sahani, alipiga picha kuku, alimfundisha Ezekia kuhesabu. Alipoondoka walikumbatiana vizuri, kama watu wenye heshima zao, na mama akasimama getini mpaka gari likaisha. Simu za Jumapili zikawa za mwezi, halafu za sikukuu. Hatukuulizana tena mezani kijiko ni cha nani. Siku moja tu, nikiwa nafunga begi langu, maana lori la Mpanda lilikuwa limepata nafasi, nilimsikia Mama Oliva akiita kutoka ng'ambo ya ua, nusu utani, "Mama Katrin, una chumvi?" Na mama akaitika papo hapo.

Sasa, kesho yake baada ya mimi kufika msibani, Ezekia alipanga viti vya plastiki kwa mstari tangu asubuhi. Akaleta kreti ya soda. Akawarudia wanawake mmoja mmoja, kwa upole wa mtoto wa kiume aliyegeuka mkuu wa nyumba juzi tu: karibu, pole kwa safari, kiti, soda, basi. Mama Mkubwa, ambaye sasa miguu imemwisha na anakaa na blanketi magotini, akasema, "Mimi nimezeeka, baba. Siwezi kuahidi kwa niaba ya koo langu." Lakini akaahidi. Nilitaka kusema kitu kwa Ezekia, nilijua kuna kitu cha kusema, lakini alikuwa amechoka, na alikuwa anataka jambo moja tu, dada yake asikimbie mara ya pili. Nikachukua soda yangu ya kumpokelea.

Siku hizi barabara ni lami, gari halikuwa na vumbi hata kidogo. Katrin alishuka na begi dogo, mvi zimemwingia pembeni. Alisukuma geti mwenyewe, akasimama palepale nilipokuwa nimesimama mimi jana, akaweka begi chini. Na akangoja. "Karibu," wanawake wakasema, wamekaa. "Pole kwa safari." Alimwamkia Mama Mkubwa shikamoo, vizuri kabisa, na Mama Mkubwa akaitika marahaba kwa midomo iliyobanwa kama mtu aliyekunywa kitu kichungu. Ezekia akamwonyesha kiti. Katrin alikitazama kile kiti cheupe, akaitazama soda mkononi mwangu, akanitazama mimi. Alinikumbuka. Akaniuliza jambo fupi, kwa maneno machache, taratibu, kama unavyosema na mtu ambaye lugha yake unaijua mipaka. "*Bin ich hier ein Gast?*" Mimi hapa ni mgeni?

Safari hii nilielewa kila neno. Na maneno ya kumjibu nilikuwa nayo yote, yalikuwa bado kwenye ukuta ule chini ya rangi ya kijani: nyumba yako, kaka yako, mama yako. Hayakutoka. Katrin akangoja kidogo tena. Kisha akainua mikono yake, akajishika kichwa kama alivyoona siku ile wakishika, akaanza kulia peke yake. Kilio chenyewe hakukijua. Alikianza juu mno, hakikuwa na jina la mtu wala maneno, kilikatika katikati akakianza upya. Wanawake waliinamisha macho. Mama Mkubwa akamtazama Ezekia, na Ezekia akatazama chini. "Nishike mkono," Mama Mkubwa akaniambia, akitupa blanketi. Nikampa mkono mmoja. Ni mzito, tulikwenda polepole sana. Tulipofika getini alikuwa ameshaanza, na nyuma yetu wengine wanainuka, na mimi bado nilikuwa na ile soda, sikuona pa kuiweka.